Msimbo wa Pili: Mwongozo Kamili wa Kutumia Nambari Pepe Kufungua Akaunti

Nimekaa miaka kadhaa nyuma ya kaunta ya saiba hapa Nairobi, na ukiondoa wale waliosahau nenosiri la eCitizen, swali ninaloulizwa sana ni hili: "Hakuna njia ya kupata ule msimbo bila kutoa nambari yangu?" Wanamaanisha zile tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji unapofungua akaunti. Wanaouliza ni watu wa kila namna. Kuna mama anayeuza mitumba ya Gikomba kupitia Facebook, amechoka kupigiwa simu saa sita usiku na watu ambao hata hawanunui. Kuna kijana anayesaka kazi za mtandaoni. Kuna dada aliyetaka kujiunga na programu ya kutafuta mchumba, akaogopa kumpa mtu asiyemjua nambari yake. Hofu yake ina msingi. Hapa Kenya nambari yako ni kama kitambulisho chako: mtu akianza tu kukutumia pesa kwa M-Pesa, jina la mpokeaji humtokea kabla hajakamilisha.

Njia ipo. Inaitwa nambari pepe, na nitaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuitumia. Lakini nimeona watu wengi wakipoteza akaunti kwa sababu ya nambari hizi, nami ni mmoja wao, na karibu kila mara kosa lilikuwa lile lile. Walifikiria msimbo wa kwanza, wakasahau wa pili. Msimbo wa kwanza ndio unaokufungulia akaunti leo. Wa pili ni ule utakaoitishwa siku utakayobadilisha simu, au simu ikinyakuliwa dirishani mwa matatu, au kampuni yenye akaunti ikishuku kwamba anayeingia si wewe. Siku hiyo nambari ikiwa mikononi mwa mtu mwingine, msimbo utamfikia yeye.

Kwa hiyo kila hatua hapa chini naipima kwa swali moja: msimbo wa pili utamfikia nani?

Nambari pepe ni kitu gani

Laini ya kawaida inaishi kwenye kadi iliyo ndani ya simu yako, au ndani ya simu yenyewe kama ni eSIM. Nambari pepe haina kadi. Imewekwa kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni fulani iliyo hewani wakati wote, na meseji ikiingia, kampuni hiyo inakuonyesha kwenye tovuti yake, kwenye programu yake, au inakutumia kwa barua pepe. Ndiyo maana unaweza kuwa Kayole ukamiliki nambari inayoanza na +1 ya Marekani au +44 ya Uingereza.

Watu huzizungumzia kama ni kitu kimoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Ziko za aina mbalimbali, na umbali kati ya aina moja na nyingine ni kama umbali kati ya kulala kwako na kulala stendi.

Aina ya kwanza ni zile za bure za hadharani. Unafungua tovuti, unakuta orodha ya nambari, unabofya mojawapo, unaona meseji zote zilizoingia. Soma tena hapo: zote, za watu wote. Siku moja mteja alinisisitizia kwamba njia hii ni salama, nikamwambia tufungue pamoja tuone. Tulikaa dakika tano tu. Misimbo ya watu tusiowajua ikawa inamiminika mbele ya macho yetu, kila mmoja ukiwa na jina la huduma ulikotoka. Nikamuuliza: nikichukua nambari hii, niende kwenye huduma hiyo, nibonyeze "nimesahau nenosiri", msimbo utakuja wapi? Alinyamaza, kisha akafunga ukurasa mwenyewe. Nambari ya aina hii inafaa kwa kitu kimoja tu: mahali unapotaka kuchungulia mara moja, huweki jina lako wala picha, na hutarudi tena. Na hata hapo mara nyingi itakataliwa, kwa sababu watu wengi mno wameshaitumia.

Aina ya pili unalipia msimbo mmoja. Unapewa nambari kwa dakika chache, meseji inaingia, nambari inarudi sokoni. Leo haionekani na kila mtu, lakini kesho itauzwa kwa mwingine. Msimbo wa pili hautakufikia wewe kamwe, labda bahati ikuangukie ukaipata nambari ile ile tena.

Aina ya tatu ndiyo ninayoizungumzia katika sehemu kubwa ya mwongozo huu: nambari unayokodisha peke yako kwa mwezi au mwaka. Ilimradi unalipa, inabaki yako.

Zipo pia za biashara. Kampuni kama Twilio ya Marekani, au Africa's Talking ya papa hapa Nairobi, huwauzia waundaji programu huduma za meseji na simu. Hizo ni za mtu anayejenga mfumo wa kuwasiliana na wateja wake. Kama unataka tu kufungua akaunti moja, utahangaika bure.

Halafu kuna Google Voice, ambayo vijana wengi huiulizia. Inataka uwe Marekani na uwe tayari na nambari ya Marekani ya kuiunganisha nayo. Mtu akikuuzia akaunti ya Google Voice "iliyotengenezwa tayari" kwenye kikundi cha Telegram, elewa kwamba aliyeitengeneza anajua njia zote za kuirudisha kwake. Usinunue.

Hatua ya kwanza: tenga akaunti zako kabla ya kutafuta nambari

Chukua karatasi. Andika akaunti unayotaka kufungua, na kando yake uandike utakachopoteza ikienda.

Akaunti yoyote yenye pesa, jina lako la serikali, afya yako au kazi yako haiguswi na nambari pepe. Namaanisha benki, M-Pesa, eCitizen, KRA, SHA, Hustler Fund, na barua pepe yako kuu. Barua pepe hasa, kwa sababu ndiyo mama wa akaunti zote. Anayeiingia anaweza kuomba nenosiri jipya la kila kitu kingine. Hizi ziweke kwenye laini halisi iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako, basi. Nyingi kati yake hata hazitakupa nafasi ya kujaribu vinginevyo, na M-Pesa yenyewe haiwezi kuishi bila laini.

Zinazobaki ndizo za kufikiriwa: ukurasa wa kuuzia bidhaa, akaunti ya soko la mtandaoni, programu ya wachumba, jukwaa la mjadala, mchezo, huduma unayotaka kuijaribu kwa wiki mbili.

Hatua ya pili: angalia kama nambari inahitajika kweli

Hii watu huiruka kwa sababu ukurasa wa kujisajili huweka kisanduku cha nambari mbele kabisa. Tafuta maandishi madogo chini yake. Mara nyingi kuna nafasi ya kutumia barua pepe badala ya nambari. Ukiipata, fungua barua pepe mpya ya kazi hiyo pekee na uingie nayo.

Na kama nambari inaombwa kwa ajili ya usalama tu, yaani kuthibitisha kila unapoingia, ziko njia bora kuliko meseji. Programu za kutengeneza misimbo, kama Google Authenticator, hutoa tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30 ndani ya simu yako. Hazihitaji mtandao wala salio, na hakuna anayeweza kuzipokea kwa kubadilisha laini yako. Huduma nyingi sasa zina pia ufunguo wa siri (passkey), ambapo unaingia kwa alama ya kidole au uso. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliiweka meseji ya simu katika kundi la njia za uthibitisho zenye masharti, kwa sababu nambari inaweza kuhamishwa au kunyakuliwa. Kama huduma inakupa chaguo, chagua programu.

Hatua ya tatu: fikiria laini ya pili kabla ya nambari ya ng'ambo

Nikiwa mkweli, kati ya watu kumi wanaokuja kwangu kuulizia nambari pepe, wengi wanachohitaji ni laini ya pili tu. Inauzwa kwa bei ndogo, haina kodi ya kila mwezi, inapokea misimbo ya huduma nyingi bila kukataliwa, na haiwezi kurudi sokoni ilimradi unaitunza. Yule mama wa mitumba nilimwambia anunue laini nyingine na kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, ya kuitia. Ikifika saa moja jioni, anazima kabambe. Simu yake ya kila siku ikabaki ya watoto wake na chama.

Ukienda kununua laini, sajili kwa kitambulisho chako mwenyewe, na uhakikishe wakala hasajili laini mbili akakupa moja. Ukifika nyumbani, piga *106# uone nambari zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukikuta usiyoitambua, ripoti kwa kampuni ya simu siku hiyo hiyo, kwa sababu lolote litakalofanywa kwa nambari hiyo litaanza kutafutwa kwako.

Kisha itunze. Laini isiyotumika kwa miezi hufungwa na baadaye kuuzwa kwa mtu mwingine, pamoja na misimbo yako yote itakayoingia. Weka kikumbusho kila mwanzo wa mwezi: tia salio kidogo, piga simu moja, tuma meseji moja. Na kwa laini yako kuu, kama ni ya Safaricom, piga *100*100# ili kuzuia mtu asibadilishiwe laini yako kwa wakala. Baada ya hapo atakayetaka kuibadilisha itambidi aende kwenye duka lao.

Mwenye biashara ana njia nyingine ambayo wengi hawaijui. WhatsApp Business inakubali nambari ya simu ya mezani. Duka la Eastleigh lenye laini inayoanza na 020 linaweza kuisajili: andika +254 20 kisha nambari, subiri meseji ishindwe, kisha chagua kupigiwa simu. Simu ya mezani italia, sauti itakusomea msimbo, nawe unauandika. Wateja wanaona nambari ya duka, na nambari yako binafsi haitoki.

Hatua ya nne: kuchagua na kulipia nambari pepe

Umefika hapa ukiwa bado na sababu. Labda una wateja Uingereza wanaotaka kukupigia kwa nambari ya kwao. Labda huduma unayoijaribu haipokei nambari za +254. Au hutaki kabisa nambari ya Kenya, yenye jina lako nyuma yake, ionekane na wageni. Sawa.

Kabla ya kulipa, tafuta majibu ya maswali haya kwenye tovuti ya mwenye nambari, na usipoyapata waandikie:

- Nambari ni ya faragha, au kuna mwingine anayeiona?
- Inaweza kupokea meseji zinazotoka kwenye nambari fupi na kwa majina ya kampuni?
- Nikichelewa kulipa, nina siku ngapi kabla haijapewa mtu mwingine?
- Msimbo usipofika, narudishiwa pesa?

Swali la pili ndilo linalowaangusha wengi. Misimbo mingi haitoki kwenye nambari ya kawaida. Hutoka kwenye nambari fupi ya tarakimu tano au sita, au kwa jina la kampuni, na nambari nyingi pepe haziwezi kupokea meseji za namna hiyo. Utapokea salamu za rafiki vizuri kabisa, lakini msimbo usionekane.

Swali la tatu lilinigharimu mimi. Nilikodisha nambari ya kampuni moja ya ng'ambo, nikafungulia akaunti ya kuuzia picha. Picha zangu za Nairobi, za asubuhi za Uhuru Park na za mafundi wa Kamukunji wakigonga masufuria. Miezi ikaenda vizuri. Kadi niliyolipia ikaisha muda, barua yao ya kukumbusha ikazama kati ya matangazo, na nilipokuja kubadilisha simu, nambari haikuwa yangu tena. Msimbo wa pili uliitishwa, ukaenda nisikokujua. Niliwaandikia wenye akaunti mara nyingi. Sikuipata, na hata sasa nikipita Kamukunji nazikumbuka picha zile.

Angalia pia umri wa kampuni, lakini usidhani umri ni kinga. Skype ilikuwa imeuza nambari kwa miaka mingi, na Mei 2025 Microsoft wakaifunga. Waliotegemea nambari hizo walilazimika kuzihamisha au kutafuta nyingine.

Kwa malipo, kampuni nyingi za ng'ambo hutaka kadi. Kama huna ya benki, M-Pesa ina GlobalPay, kadi pepe ya Visa iliyoanzishwa mwaka 2022, ambayo unaifungua ndani ya programu ya M-Pesa na inatumia salio lako la M-Pesa. Anza na mwezi mmoja tu. Usilipe mwaka mzima kabla hujaona msimbo ukifika kwa macho yako.

Hatua ya tano: ijaribu kabla ya kuitegemea

Umepewa nambari. Usikimbilie kuiandika popote bado.

Ihifadhi kwanza kwenye simu yako kama mtu mpya, kisha fungua WhatsApp uitafute. Ikiwa picha na jina la mtu vinatokea, kuna aliyeimiliki kabla yako na akaunti yake ingali hai. Irudishe, omba nyingine. Usijaribu kuisajili, utamtoa mtu kwenye akaunti yake, naye akirudi atakutoa wewe. Fanya hivyo hivyo kwenye Telegram.

Kisha itumie meseji kutoka kwenye laini yako na uhesabu inachukua muda gani kufika. Ipigie simu pia uone kama inaita, maana huduma nyingi, meseji ikishindwa, husoma msimbo kwa sauti. Nambari isiyopokea simu imekupokonya njia yako ya akiba.

Hatua ya sita: kuomba msimbo

Andika nambari kwa mfumo wa kimataifa: alama ya kujumlisha, nambari ya nchi, kisha nambari bila sifuri ya mwanzo. Wakenya hukosea hapa kila siku kwa kuandika +2540712 badala ya +254712. Kwa nambari za Uingereza ni vivyo hivyo, ile sifuri inayotangulia inaondoka.

Fungua ukurasa wa nambari yako upande mmoja na ukurasa wa kujisajili upande wa pili, kisha bonyeza kuomba msimbo. Sasa subiri. Najua vidole vinawasha, lakini kubonyeza "tuma tena" kila baada ya sekunde kumi ndiko kunakoharibu. Mara nyingi kila ombi jipya huua msimbo uliotangulia, kwa hiyo ule wa kwanza ukifika nawe ukauandika kwa haraka, unakuwa umeshakufa, na ukirudia sana huduma inakufungia kwa saa kadhaa au siku nzima. Acha hesabu iliyo kwenye skrini iishe yenyewe. Ikishindikana mara mbili, chagua kupigiwa simu. Ikishindikana na hapo, simama.

Msimbo ukifika, uandike mahali ulipouomba tu. Mtu akikupigia, akikuandikia, akijifanya mhudumu, au akitumia akaunti ya rafiki yako kusema "nimekutumia msimbo kimakosa, nirudishie", huo ni wizi. Hivyo ndivyo WhatsApp za watu huchukuliwa, na mara wanachama wa chama wanaanza kuombwa pesa kwa jina la mweka hazina.

Hatua ya saba: dakika kumi za kwanza ndani ya akaunti

Hapa ndipo natamani ningeweza kumshika kila mtu mkono. Akaunti ikifunguka, watu hushangilia na kuanza kupakia picha. Usianze. Akaunti hiyo bado imefungwa kwa kamba ya kukodi, na kazi yako sasa ni kuifunga kwa kamba yako.

Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya usalama. Weka barua pepe unayoimiliki na uithibitishe. Weka programu ya kutengeneza misimbo. Kama huduma inatoa misimbo ya akiba, ipakue. Google, kwa mfano, hutoa kumi, kila mmoja ukitumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi na uiweke unapoweka cheti cha kuzaliwa na hati za shamba. Usiipige picha ikakaa kwenye simu ile ile itakayoibwa.

Kwenye WhatsApp, washa uthibitishaji wa hatua mbili: nambari ya siri ya tarakimu sita, pamoja na barua pepe ya kuirejesha ukiisahau. Siku nambari pepe ikiangukia mtu mwingine, akiomba msimbo ataupata, lakini ataombwa pia tarakimu hizo sita. Hiyo inakupa muda, si ulinzi wa milele, kwa hiyo tumia muda huo kuhamisha akaunti. Telegram ina nenosiri lake la ziada linalofanya kazi hiyo hiyo, liwashe.

Halafu jiulize kama nambari pepe bado inahitajika ndani ya akaunti. Huduma nyingine hukuruhusu kuiondoa ukishaweka programu au barua pepe. Kama inaruhusu, iondoe. Msimbo wa pili sasa utatoka kwenye simu yako mwenyewe, na mwenye seva ya ng'ambo hana tena neno.

Msimbo usipofika, au nambari ikikataliwa

Ukiona maandishi kwamba nambari hiyo haiwezi kutumika, usifikiri umekosea. Kampuni kubwa zina uwezo wa kuangalia nambari ni ya aina gani: ya laini ya simu, ya mezani, au ya intaneti. WhatsApp, benki na huduma nyingi za pesa hukataa nambari za intaneti mara nyingi, kwa sababu walaghai huzitumia kufungua akaunti kwa mamia. Nimeona vijana wakinunua nambari tano mfululizo, kila moja ikikataliwa, hadi pesa zilizotumika zingenunua laini halisi kadhaa. Ikikataliwa mara moja, rudi hatua ya tatu.

Kama haikukataliwa lakini msimbo haufiki, mwenye makosa mara nyingi ni ile nambari fupi niliyoitaja. Waandikie wenye nambari uwaulize moja kwa moja kama wanapokea meseji za huduma hiyo kwa jina. Na kama ni laini yako halisi isiyopokea, angalia kama umewahi kuzuia meseji za matangazo, kama ujumbe umeangukia kwenye folda ya taka, na kama laini ina mtandao. Zima simu, iwashe, jaribu mara moja tena.

Usiyopaswa kuyafanya

Usitumie nambari ya Marekani kujidai unaishi Marekani kwenye jukwaa la kazi. Najua wapo wanaofundisha hivyo hapa mjini, na najua kazi ni adimu. Lakini nambari ni karatasi ya kwanza tu. Baadaye utaombwa kitambulisho, picha ya uso, akaunti ya benki, na siku hiyo akaunti inafungwa na pesa ulizozitolea jasho zikiwa ndani. Nimeshuhudia kijana akilia kwenye kiti cha saiba kwa sababu ya malipo ya miezi miwili.

Usifungue akaunti kwa jina au picha ya mtu mwingine. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, kifungu cha 29, inatoa faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nambari pepe haikufichi huko; kampuni iliyokukodishia ina kadi uliyolipia.

Na usikodishe laini yako mwenyewe. Kuna wanaotangaza kulipa vijana shilingi chache kwa kila msimbo wanaowapokelea. Laini hiyo imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Akaunti iliyofunguliwa kwayo ikitumika kumwibia mtu, mlango utakaogongwa ni wako.

Ukipokea meseji ya utapeli kwenye Safaricom, itume kwa 333, ni bure. Na kama kampuni imechukua nambari yako na kuitumia kinyume na ulivyokubali, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data.

Kuitunza, na siku ya kuiacha

Nambari pepe ukiiweka, iandike kwenye daftari: kampuni, tarehe ya kulipa, na kila akaunti uliyoifungulia. Daftari hilo ndilo litakalokuokoa, kwa sababu baada ya mwaka mmoja hutakumbuka. Weka kikumbusho wiki mbili kabla ya tarehe ya kulipa, si siku yenyewe, na uhakikishe kadi bado iko hai na ina pesa.

Siku ukiamua kuiacha, usiache kulipa tu na kuondoka. Anza mwezi mmoja kabla. Chukua daftari, pitia akaunti moja baada ya nyingine, badilisha nambari. WhatsApp ina sehemu ya kubadilisha nambari kwenye mipangilio ya akaunti, nayo huhamisha vikundi na mipangilio yako hadi nambari mpya. Tumia hiyo, usifute programu na kuanza upya. Akaunti usizozihitaji tena, zifute kabisa badala ya kuziacha zikining'inia kwenye nambari itakayopata mwenyewe mpya. Kisha, kutoka kwenye simu nyingine au kompyuta, jaribu kuingia kwenye kila akaunti iliyobaki kana kwamba umesahau nenosiri, uone msimbo unapelekwa wapi. Ukiona popote tarakimu za mwisho za nambari ya zamani, bado hujamaliza. Zikiisha zote, ndipo uache kodi ya nambari hiyo ikome.